Nani Anampokea Mgonjwa?

Randi 320 kwa siku: hicho ndicho kiasi ambacho serikali ya jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, ilikuwa ikimlipia kila mgonjwa wa akili aliyelazwa katika vituo vya Life Esidimeni, kampuni binafsi iliyoifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 2016 wagonjwa hao waliondolewa. Wengi walipelekwa kwenye nyumba za asasi ndogondogo zilizoahidiwa randi 112 kwa siku kwa kila mgonjwa. Waliokufa ni 144.

Wengi wetu tunaoishi huku Sauzi tumelisikia jina la Esidimeni redioni, tukaliweka kwenye fungu la mambo ya wanasiasa. Lakini ukifuatilia ushahidi wenyewe utaona ni habari ya mama, kaka na shangazi waliokuwa wakiuliza swali moja tu: mgonjwa wetu anapelekwa wapi? Ndiyo maana naiandika kwa ajili ya Waswahili wa Diepsloot, na kwa ndugu zetu waliobaki Kigoma, Mombasa, Bukavu na Unguja. Swali hilo linatufika sote, na wengi wetu hatuliulizi mpaka gari limeshaondoka.

Diepsloot yenyewe, kaskazini mwa Johannesburg, ni mji uliozaliwa na kuhamishwa. Ulianza katikati ya miaka ya 1990 kama mahali pa kuwaweka watu walioondolewa Zevenfontein, na mwaka 2001 wakaletwa wengine kutoka kingo za mto Jukskei kule Alexandra. Sehemu ya vibanda iitwayo Reception Area ilikusudiwa iwe ya kupitia tu, mtu akae kidogo akisubiri nyumba. Watoto waliozaliwa pale sasa nao wana watoto. Kwa hiyo mkazi wa hapa hahitaji kuelezwa jinsi ahadi ya "kwa muda" inavyoweza kuzeeka. Tuna kliniki za umma, na tuna vyumba vya madaktari wa kulipia, lakini hospitali ya umma ya kulaza hatuna. Ugonjwa ukizidi safari ni ya Helen Joseph, zaidi ya kilomita 30. Hospitali kubwa ya binafsi iko karibu zaidi, pale Fourways, nayo ni ya Life Healthcare, kampuni ileile iliyokuwa mmiliki wa Life Esidimeni. Ila mlango wake ni wa wenye bima, na nchini kote wenye bima ni takriban watu 16 katika kila 100.

Kwenye foleni ya kliniki, alfajiri, ubishi hauishi. Huyu anasema serikali haiwezi kuendesha hata kioski. Yule anasema binafsi ni wanyonyaji watupu. Kesi hii inawanyima ushindi wote wawili. Mlipaji alikuwa serikali, mhudumu alikuwa kampuni, na kwa miaka mingi mpango huo ulisimama, pamoja na kasoro zake. Tena wa binafsi ndiye aliyekuwa nafuu: katika hospitali za serikali za magonjwa ya akili, kama Weskoppies na Sterkfontein, mgonjwa mmoja aligharimu zaidi ya randi 1,000 kwa siku. Maafa yalianza pale mgonjwa alipotoka mikononi mwa wote wawili, akakabidhiwa kwa mtu wa tatu ambaye hakuna aliyemkagua.

Oktoba 2015, Qedani Mahlangu, aliyekuwa waziri wa afya wa jimbo, alitangaza kwamba mkataba na Life Esidimeni utavunjwa. Sababu zilizotajwa zilikuwa tamu masikioni. Fedha hazitoshi. Halafu sheria ya afya ya akili ya mwaka 2002, pamoja na sera ya taifa iliyoifuata, zinataka mgonjwa atunzwe karibu na jamii yake badala ya kufungiwa maisha yake yote katika jumba kubwa. Hoja hiyo ya pili hata mimi ningeikubali bila kusita, na bado naiona ni ya haki. Nani asingependa ndugu yake alale karibu na nyumbani? Lakini sera ileile inataka huduma za mtaani zijengwe kwanza, ndipo vitanda vya hospitali vipunguzwe. Gauteng walianza na tarehe. Wagonjwa wawe wameondoka ifikapo mwisho wa Machi 2016. Baadaye tarehe ikasogezwa hadi mwisho wa Juni, yaani katikati ya baridi ya Johannesburg, ambayo aliyewahi kulala kwenye kibanda cha bati Diepsloot anaijua.

Tutulie kidogo kwenye tarehe hiyo, maana ndiyo dalili iliyoonekana na kila mtu. Watu zaidi ya 1,500 waliokuwa wakiishi hospitalini, wengine kwa miaka mingi, wengine wasioweza kusema wala kujilisha, walitakiwa wapatiwe makazi mapya ndani ya miezi michache. Hata mkuu wa mradi ndani ya idara yenyewe aliomba muda uongezwe. Haukuongezwa vya kutosha. Mtu anayekuharakisha uhamishe mgonjwa, huku mgonjwa mwenyewe hana haraka yoyote, anastahili kuulizwa haraka hiyo ni ya nani.

Kisha kulikuwa na bei. Kwa randi 112 ilipaswa kupatikana chakula cha siku nzima, mtu wa kukesha usiku, sabuni, blanketi na mshahara wa mhudumu. Hapa mtaani kwetu simu ikiuzwa theluthi moja ya bei yake, mnunuzi mwenye akili anashtuka na kuuliza imetoka wapi. Idara ya afya haikushtuka. Tena hata hizo randi 112 zilichelewa: asasi kadhaa zilikaa miezi bila kulipwa chochote, huku wagonjwa wakiwa tayari ndani ya nyumba zao na wanahitaji kula.

Walioonya walikuwa wengi, na walionya mapema. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kilionya. Asasi ya SADAG, inayosaidia watu wenye sonona na wasiwasi, ilionya. Familia ziliandika barua na kufanya mikutano. Desemba 2015 zilikwenda mahakamani zikisaidiwa na wanasheria wa asasi ya haki iitwayo SECTION27, na idara ikakubali kwamba itashauriana nazo kabla ya kumhamisha mtu. Machi 2016 ikabidi warudi tena mahakamani, maana wagonjwa watu wazima walikuwa wakipelekwa Takalani, nyumba ya Soweto iliyozoea kulea watoto wenye ulemavu wa akili. Safari hii wakashindwa. Idara iliieleza mahakama kwamba wagonjwa wale hawahitaji tena uangalizi wa hospitali, na mahakama ikaiamini.

Mwanamke mmoja kati ya waliopelekwa Takalani mwezi huohuo alikufa baada ya siku chache tu. Uchunguzi wa maiti ulikuta plastiki na karatasi tumboni mwake. Hapo ilikuwa bado Machi. Mabasi na magari ya kuwahamisha mamia ya wengine hayakuwa yameondoka. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko mengine yote ya kesi hii, kwa sababu hapo palikuwa na kifo, si onyo la kwenye karatasi tena, na bado kazi iliendelea kama ilivyopangwa.

Mei na Juni ikawa zamu ya wengi. Ripoti ya Profesa Malegapuru Makgoba, mwangalizi wa malalamiko ya afya nchini, inaeleza wenye asasi waliofika na pikapu za wazi kuchukua wagonjwa, na wengine waliowachagua kama watu wanaochagua ng'ombe mnadani. Wapo waliohamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine mara kadhaa. Wapo waliofika bila faili, bila orodha ya dawa, na hata bila kitambulisho, kiasi kwamba aliyempokea hakujua jina la mtu aliyeketi mbele yake. Hebu jiweke katika nafasi ya mhudumu huyo. Umeletewa mtu ana kifafa, lakini hakuna aliyekuambia ana kifafa. Usiku anaanguka. Utafanya nini?

Na hao wapokeaji walikuwa nani? Nyumba iitwayo Precious Angels, Atteridgeville, karibu na Pretoria, iliendeshwa na mtu aliyetoka kwenye kazi ya kulea watoto wa chekechea. Wagonjwa 20 walifia kwenye mikono ya nyumba hiyo. Sidhani kwamba wote walioziendesha nyumba hizi walikuwa wabaya. Wengine waliomba msaada. Lakini moyo mwema hautoi dawa kwa saa zake wala haujui kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Makgoba alikuta kwamba asasi zote 27 zilizohusika zilifanya kazi kwa leseni zisizo halali. Baadaye, mbele ya msuluhishi, afisa mmoja wa idara alikiri kuziandaa leseni za nyumba alizojua hazifai. Leseni, ambayo ingekuwa ukuta wa mwisho, ilikuwa karatasi ya kukamilisha faili.

Vifo vilitokana na mambo ya kusikitisha kwa urahisi wake: njaa, kiu, baridi, nimonia, kifafa kisichotibiwa. Familia nyingi hazikuambiwa ndugu yao amehamishiwa wapi. Zilizunguka mji kwa mji zikiuliza, nyingine zikampata ndugu amekonda hatambuliki, nyingine zikampata mochwari. Septemba 2016, akijibu swali katika bunge la jimbo, Mahlangu alisema waliokufa ni 36. Februari 2017 ripoti ya Makgoba ikasema ni 94 na hesabu inaendelea, ambapo vifo 75 kati ya hivyo vilitoka katika makundi matano tu ya nyumba. Waziri huyo alijiuzulu ripoti hiyo ilipokuwa karibu kutolewa. Hesabu ilipofungwa ilifika 144.

Jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyewahi kuwa naibu jaji mkuu wa nchi, ndiye msuluhishi aliyesikiliza familia na maafisa kuanzia Oktoba 2017. Uamuzi wake wa Machi 2018 hauzikubali sababu za fedha na sera zilizotolewa. Aliona hazikuwa sababu za kweli. Aliamuru kila familia iliyodai ilipwe randi milioni 1.2. Wakati huo bado kulikuwa na wagonjwa 44 wasiojulikana walipo. Julai 2024, baada ya uchunguzi mrefu wa mahakama kuhusu vifo hivyo, Jaji Mmonoa Teffo aliamua kwamba Mahlangu na Dakta Makgabo Manamela, aliyekuwa mkurugenzi wa afya ya akili wa jimbo, walisababisha kwa uzembe vifo vya watu tisa.

Kuna neno lililojirudia kwenye ushahidi wa maafisa: woga. Walijua, walisema wao wenyewe kwamba walijua, lakini walimwogopa bosi. Ni rahisi kuwahukumu. Lakini ni wangapi kati yetu, wenye kibali cha kazi kinachokaribia kuisha na ada ya shule mezani, wangesimama kwenye kikao cha wizara na kusema hapana? Mimi siwezi kuapa kwamba ningesimama. Ndiyo maana nadhani ulinzi wa mgonjwa haufai kutegemea ushujaa wa mtu mmoja ofisini. Utegemee pia ndugu wa mgonjwa, ambaye hana bosi kwenye jambo hili.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa Gauteng peke yake. Mwaka 2011 kwetu Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo. Watu waliwatoa wagonjwa wao wodini, wengine wakiwa mahututi, wakawapakia kwenye magari kuelekea porini ambako hapakuwa na kitanda, choo wala muuguzi. Wapo waliofia kwenye foleni ya magari kabla hawajakiona kikombe chenyewe. Pale hapakuwa na waziri aliyelazimisha. Tulijihamisha wenyewe, kwa mapenzi na kwa kukata tamaa, na hatukuuliza nani anampokea mgonjwa akizidiwa njiani.

Na magonjwa ya akili yana mzigo wa ziada, yaani aibu. Nyumbani jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, limekuwa utani wa vijiweni. Ukimwambia mtu "wewe wa Mirembe" watu wanacheka. Aibu hiyo inatufanya tupumue mgonjwa akiondoka nyumbani, tusiulize sana alikokwenda. Familia za Esidimeni hazikuwa hivyo, ziliuliza kwa sauti mpaka mahakamani, na bado zilipuuzwa. Itakuwaje kwa mgonjwa ambaye ndugu zake wanaona afadhali asikumbukwe?

Hapa Diepsloot hatari hiyo ina sura yake. Mwaka 2025 kundi la Operation Dudula lilisimama kwenye milango ya kliniki kadhaa za Gauteng likidai vitambulisho na kuwafukuza wageni, mpaka Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipolipiga marufuku mwezi Novemba. Mgeni aliyefukuzwa mlangoni mara moja haendi mara ya pili. Anatafuta njia ya pembeni: daktari wa chumba cha nyuma asiye na cheti ukutani, matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo, mganga anayeahidi kumfunga kamba na kumwombea kijana aliyechanganyikiwa. Ndugu zangu, katiba ya nchi hii, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Haisemi kila raia. Mjamzito na mtoto aliye chini ya miaka sita wana haki ya huduma bure katika hospitali za umma bila kujali uraia wao, na mahakama ililithibitisha hilo Aprili 2023. Kabla ya kumpeleka mgonjwa uchochoroni kwa sababu ya woga, nenda na majirani wawili watatu mpaka kliniki mkadai mlango ufunguliwe.

Ukiamua kulipa, lipa kwa macho wazi. Kila daktari nchini hapa ana namba ya usajili ya baraza la wataalamu wa afya, HPCSA, na orodha ya baraza hilo inaangaliwa bure kwenye intaneti. Anayekasirika ukimuuliza namba yake amekwisha kukujibu. Nyumba ya kutunza wagonjwa nayo ina leseni. Omba uione, usome jina, anwani na tarehe, na ulinganishe tarehe hiyo na siku waliyoanza kupokea watu. Ingia jikoni. Uliza nani analala na wagonjwa usiku, nani anatoa dawa, na mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku gari linatoka wapi. Mgonjwa akihamishwa, faili na dawa ziende naye kwenye gari lilelile, na wewe ubaki na nakala. Halafu kamtazame ndani ya siku mbili tatu. Najua wengi wetu tunasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi ndipo tupate nauli, lakini kwa jambo hili kopa nauli.

Na kama ni serikali inayokuambia mgonjwa wako atahamishwa, omba iandikwe: anakwenda wapi, lini, nani amepakagua. Usipojibiwa, sheria ya mwaka 2002 imeweka katika kila jimbo bodi ya mapitio ya afya ya akili, na ndugu wa mgonjwa ana haki ya kupeleka rufaa huko. Wakati wa Esidimeni bodi ya Gauteng ilikuwa imelala. Makgoba aliandika hivyo waziwazi. Lakini malalamiko yanaweza pia kupelekwa kwenye ofisi ya mwangalizi wa afya yenyewe, na si lazima uwe raia wala uwe na wakili. Andika kwa lugha unayoiweza, weka tarehe, na uhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa.